Ishirini na Tatu, Mwezi wa Sita

Simu yenyewe ilikuwa kitu cha kutia aibu. Kasimu ka tochi, kifuniko cha nyuma kimeshikiliwa kwa plasta ya hospitali, namba tano imefutika kwa kubonyezwa. Luteni Abang Thiik wa upelelezi aliiweka mezani kwa Kerubo, katika ofisi ya kampuni ya simu, ndani ya mfuko wake wa nailoni wa ushahidi, akavuta kiti bila kukaribishwa. Nje, mvua ya Septemba ilikuwa imeugeuza mtaa wote wa Hai Cinema, hapa Juba, kuwa tope, na viatu vyake viliacha alama kutoka mlangoni hadi pale alipoketi. Kerubo aliziangalia alama zile.

Mambo yalikuwa hivi. Siku kumi na moja zilizopita, Namukasa, mwanamke Mganda aliyekuwa akiwapikia madereva wa malori pale Nesitu, nje ya mji, alikutwa amekufa kibandani mwake, kichwa kimepasuliwa kwa mchi wa kinu chake mwenyewe. Chini ya kitanda palikuwa na simu hii. Ilikuwa imepiga namba moja tu, tena na tena, na namba hiyo ilikuwa ya marehemu. Polisi waliuliza laini ni ya nani, wakaambiwa imeandikishwa kwa jina la Lagu. Huyu Lagu ni mpakiaji wa mizigo kwenye uwanja wa ndege, miaka ishirini na moja kwa kukisia. Walimfuata kazini, wakamtia pingu katikati ya maboksi ya dawa, na tangu siku hiyo yumo ndani. Alisema simu si yake. Alipoulizwa ni ya nani basi, aliitazama ile plasta kwa muda, kisha akafunga mdomo.

Kwa Kapteni Lony, mkubwa wa Abang, kesi ilikuwa imekwisha. Saa tisa alasiri ya siku hii hii faili lilikuwa liende kwa mwendesha mashtaka, na kwa kosa la namna ile, hakimu akiridhika, ni kitanzi. Kalas, imekwisha, alisema Kapteni, jina ni lake, laini ni yake, tunangoja nini? Abang alikuwa na asubuhi moja tu, na kitu kidogo kilichomkera tangu jana. Mwenye simu alikuwa amefuta kila ujumbe, wa mapenzi na wa ugomvi, lakini akaziacha jumbe sita za kampuni.

Kerubo aliuliza kwa nini mtu aziache. Abang akamuuliza kama yeye angezifuta.

"Hata mimi ninayeziandika sizisomi," Kerubo alisema.

Huyu Kerubo alikuwa ametoka Kisii miaka miwili nyuma kuja kuipangia kampuni ya simu matangazo yake, na alikuwa na maringo kidogo ya mtu anayejua kazi ambayo wengine hawaijui. Watu, alieleza, wanadhani yeye hukaa pale siku nzima akiwatumia wateja ujumbe mmoja mmoja. Thubutu. Kila kampeni ina kichochezi, yaani kitendo cha mteja kinachoiamsha mashine: amevuka mpaka, ameishiwa salio, amenyamaza siku thelathini. Halafu kila kampeni ina chujio, kama hili la chai, la kuwaacha nje wasiohusika. Akishapanga hayo mawili, mashine inajiendesha yenyewe hata kama yeye yuko Kisii kwenye matanga.

"Kwa hivyo hakuna ujumbe hapa uliokuja bure," Abang alisema.

"Hakuna, Afande. Kila mmoja, kuna jambo mwenye simu alifanya."

Abang alitoa daftari. Rekodi za nani alimpigia nani zingehitaji barua ya wizara na majibu ya makao makuu ng'ambo, wiki tatu kwa uchache, na Kerubo hakuwa na ruhusa ya kuzigusa. Lakini kampeni zilikuwa zake. Alizipanga mwenyewe, na orodha zake alikuwa nazo hapo hapo kwenye kompyuta.

Wakianzia mpya kurudi nyuma, jumbe tatu za kwanza waliziruka, zilikuwa za kuishiwa salio, jambo la kila mteja. Wa nne ulisema karibu tena nyumbani, na ulifika tarehe mbili mwezi wa nane. Kerubo alisema huo huenda kwa laini iliyoshika mtandao wa Uganda kisha ikarudi. Abang alisimama pale pale. Palikuwa na dereva mmoja wa tangi la mafuta, Ivan, aliyekuwa akila kwa Namukasa kila safari, na madereva wenzake walisema wawili hao walikosana. Alimpigia konstebo aliyekuwa kwenye yadi ya malori, akamwambia amshike Ivan na kumpekua. Kisha akakaa akingoja, akigongagonga kalamu mezani mpaka Kerubo akaihamisha.

Konstebo alipiga baada ya nusu saa. Ivan alikuwepo, alikuwa anakula, na pasipoti yake ilikuwa na mihuri yote mahali pake. Siku Namukasa alipouawa alikuwa ng'ambo ya mpaka, siku ya tatu kwenye foleni ya forodha. Kerubo naye, kana kwamba ndiyo kwanza anakumbuka, akasema kwamba hata ukikaa tu Nimule, mji wa mpakani, bila kuvuka, mtandao wa jirani hukuvuta na kukurudisha. Abang alimtazama kwa jicho baya. Nusu saa nzima, na saa tayari ilikuwa nne na robo.

Ujumbe wa tano ulimbembeleza mwenye simu: mbona Jumapili uko kimya, piga leo kwa nusu bei. Kichochezi chake, alisema Kerubo, ni Jumapili nne mfululizo bila simu hata moja. Chujio lake linawaacha nje wale ambao ni kimya wiki nzima. Maana yake huyu hupiga kila siku isipokuwa Jumapili.

Abang aliandika hilo, akalipigia mstari. Dereva hana Jumapili. Mpakiaji wa ndege za mizigo hana Jumapili pia, tena siku hiyo ndege huwa nyingi zaidi, na Lagu angekuwa na nafasi ileile ya kupiga aliyokuwa nayo Jumatatu. Huyu alikuwa mtu ambaye Jumapili watu wanamtazama.

Ujumbe wa sita ulikuwa wa heri ya kuzaliwa, pamoja na dakika ishirini za bure. Ulikuwa umefika tarehe ishirini na tatu mwezi wa sita, saa mbili kamili asubuhi.

Kerubo alipouona alicheka, kicheko cha mtu aliyechomwa na jambo likapoa. Kampeni hii, alisema, nusura imfukuzishe kazi. Muuzaji wa laini humjazia mteja fomu, jina, na siku na mwezi wa kuzaliwa, mwaka hauulizwi na karatasi haidaiwi. Siku ikifika, mashine inatuma. Alipanga kila kitu vizuri, akaenda zake nyumbani kwa Krismasi. Tarehe moja Januari mashine ikawatakia heri watu elfu thelathini na nane kwa mpigo, wote wakaanza kupiga simu za bure, na mtandao wa Juba ukalala hadi jioni.

"Bosi alidhani nimelewa nikajaza tarehe moja kila mahali," alisema. "Nikamwambia, mimi nimekuta hivi. Watu wa hapa wote wamezaliwa siku moja?"

Abang hakucheka. Alimweleza kwa sauti ya kawaida, kama anavyosomewa mtu ripoti. Mama anafika kambini na watoto watano, hana karatasi hata moja. Karani ana foleni ya watu mia nne nyuma yake. Anauliza mwaka, mama anasema ni mwaka wa mafuriko, au mwaka ule ng'ombe waliisha. Karani anakisia mwaka, kisha anaandika tarehe moja Januari, kwa maana lazima kisanduku kijazwe. Yeye mwenyewe, Abang, aliandikwa hivyo kambini Kakuma, Kenya. Kituoni kwao kulikuwa na maafisa tisa waliozaliwa siku hiyo, na hakuna mmoja aliyewahi kukata keki.

Kerubo aliona haya, akasema pole. Akaongeza kwamba baada ya balaa lile aliweka chujio: wa tarehe moja Januari hawatumiwi kitu. Abang alikuwa tayari amefunga daftari. Jina, aliwaza, mtu hulidanganya kwa urahisi. Lakini ukiulizwa ghafla dukani siku yako ya kuzaliwa, unataja yako, hasa kama ipo.

Kituo kilikuwa umbali wa dakika kumi, ila kwa tope lile alitumia ishirini na tano. Mahabusu ya Juba siku za mvua ni mahali pa kusikitisha, harufu inapanda mpaka barazani, na maji yalikuwa yameingia chini ya mlango wa chuma. Lagu alikuwa amekaa juu ya debe, miguu ameinua. Kando yake palikuwa na bakuli tupu la jana. Kaka yake mkubwa, Emilio, katekista mwenye mvi, alikuwa hajakosa kuleta chakula hata siku moja, na askari wote walimwita Mwalimu na kumpisha njia.

Abang alimuuliza Lagu swali moja tu, amezaliwa lini.

"Tarehe moja, mwezi wa kwanza," Lagu alijibu. Alikulia kambini kaskazini mwa Uganda, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. "Mimi iko kama wote, Afande. Kwa nini?"

Hapa ndipo Abang alipokosea, na mpaka leo analijua kosa hilo. Mpelelezi haonyeshi karata zake kwa mtu aliye ndani, hilo hufundishwa wiki ya kwanza. Lakini alifurahi. Siku kumi na moja alikuwa akimwona kijana huyu akikonda, na sasa alikuwa na jambo la kumwambia. Akamwambia. Mwenye simu si wewe, alisema, mwenye simu alizaliwa tarehe ishirini na tatu mwezi wa sita, na leo hii nitampata.

Lagu hakusema asante. Aliishusha miguu polepole mpaka ikaingia majini, akaiacha humo. Abang alidhani ni mshtuko wa furaha, maana watu hupokea furaha kwa namna nyingi, akaondoka mbio kurudi Hai Cinema.

Kerubo alikuwa amechemka sasa, kazi imemwingia. Walipanga kampeni ambayo haingetumwa kwa mtu yeyote, orodha tu. Sharti la kwanza, siku ya kuzaliwa ni ishirini na tatu Juni. Katika wateja wote wa kampuni mjini walitoka sitini na mmoja. Chujio la kwanza, laini ziwe zimeshikwa na mnara wa Nesitu zaidi ya mara tatu tangu mwezi wa nane uanze. Zikabaki nne. Abang alisimama nyuma ya kiti cha Kerubo, amesahau kuwa koti lake linamdondoshea maji mabegani.

"Weka la Jumapili," alisema.

Kerubo aliliweka. Mashine ilifikiri kidogo, jenereta ikakohoa, taa zikafifia na kurudi. Laini mbili. Ya kwanza ilikuwa hii iliyokuwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ya pili ilikuwa imeandikishwa kwa uwazi kabisa, jina kamili la Emilio, mtaa wake, na kazi yake, katekista.

Kerubo aliuliza Emilio ni nani, na Abang akamwambia kwa kifupi. Vita ilipowafikia kwao upande wa Magwi, Emilio alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mama yao alijifungulia njiani, akafia njiani. Yule kijana alikibeba kitoto hicho mgongoni mpaka Uganda, akakilea kwa uji wa msaada, hakuoa mpaka kilipoweza kujipikia. Kitoto hicho ndicho Lagu. Kerubo alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha usoni ingali na ukungu. Kisha akachapisha ukurasa mmoja, akaugonga muhuri.

Saa nane na nusu Abang aliingia uani kituoni. Emilio alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango wa mahabusu, bakuli la asida, ugali wa huko, na mboga ya karanga magotini, limefunikwa kwa kitambaa safi. Alisimama kumsalimu, kama alivyofanya kila mara. Abang alimwomba akae. Alimuuliza habari za nyumbani, mke, watoto, kikanisa chake kidogo kule Nesitu alikokuwa akienda kufundisha mara tatu kwa wiki. Emilio alijibu yote kwa upole. Na ile semina ya Nimule ya mwezi wa nane, aliyowahi kuwasimulia askari, ilikwendaje? Ilikwenda vizuri, Mungu ni mwema.

"Na umezaliwa lini, Mwalimu?"

"Ishirini na tatu, mwezi wa sita, sitini na sita," Emilio alisema papo hapo. "Mama alikuwa na kadi ya ubatizo."

Kisha akasikia alichokisema, au pengine aliuona uso wa Abang. Akakinyoosha kitambaa juu ya bakuli. Abang aliukunjua ule ukurasa, akauweka juu ya benchi kati yao. Akamwonyesha laini ya kwanza, akamwonyesha ya pili. Akamweleza taratibu kwamba mtu aliyetaka kumficha mke wake laini ya pili aliiandikisha kwa jina la mdogo wake, jina likawa la uongo, lakini siku ikamtoka ya kweli. Emilio alisoma karatasi ile kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwapo.

"Afande." Ilikuwa sauti ya Lagu, kutoka nyuma ya chuma. "Hiyo siku ni yangu. Andika."

Abang aligeuka. Akamwambia anyamaze, haya hayamhusu tena.

"Inanihusu," Lagu alisema. "Kule kambi watoto wa Uganda walikuwa na siku yao, mimi hapana. Mimi nililia. Huyu akaniambia, chukua yangu, tutakula wawili. Kila mwaka alininunulia soda hiyo siku. Muulize. Hiyo siku yangu, hiyo simu yangu. Mama Namukasa, mimi nilimpiga na mchi. Andika."

"Asubuhi uliniambia tarehe moja."

"Uliuliza kama polisi. Mimi nikajibu kama karatasi."

Asubuhi hiyo hiyo Abang mwenyewe alikuwa amesimama pale na kumkabidhi kijana huyu tarehe, siku na mwezi, kama mtu anavyomkabidhi mwenzake kisu kwa mpini. Hakuwa na njia ya kujua kama hadithi ya soda ni ya kweli au imetungwa tangu saa tano. Pengine hata kweli isingemsaidia tena.

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na Kapteni Lony alikuwa amesimama kizingitini, faili mkononi. Alikuwa amesikia yote. Abang alimpelekea karatasi, akaeleza haraka haraka, minara, Jumapili, laini mbili. Kapteni alimsikiliza, si mtu mbaya. Kisha akasema katekista ana kanisa Nesitu, kwa hiyo lazima simu yake ishikwe na mnara wa Nesitu, na Jumapili hapigi simu kwa sababu anasali. Hilo hakimu atalielewa. Siku ya kuzaliwa, kama wanayo wawili, basi wanayo wawili. Lakini huyu amekiri, mbele ya maafisa wawili, bila kuguswa. Hakimu gani atauliza zaidi?

Palibaki mtu mmoja wa kusema. Abang alirudi kwenye benchi, akachuchumaa mbele ya Emilio ili macho yao yawe sawa. Alikuwa na hasira, na alikuwa akimwonea huruma, na hakuficha lolote kati ya hayo.

"Mwalimu," alisema. "Neno lako tu. Ni kweli?"

Emilio aliinua kichwa akamtazama mdogo wake. Lagu alimwashiria ndiyo kwa kichwa, kidogo tu, kama anayemhimiza mtoto aliyesahau mstari wake kanisani. Mvua ilikuwa imepungua, na uani pote palikuwa kimya.

"Ni kweli," Emilio alisema. "Nilimpa hiyo siku."

Abang alingoja. Alingoja mpaka Kapteni akakohoa, mpaka kalamu ya Kapteni ikaanza kuandika kwenye jalada. Kuhusu mchi, Emilio hakuongeza neno. Alisimama, akafunua kitambaa, akalipitisha bakuli katikati ya vyuma, akasema kijana ale kabla chakula hakijapoa. Lagu alilipokea kwa mikono miwili, akainama, akamwambia asante.